Siku tatu natafuta kosa nilokwisha kulirekebisha: kusoma mawimbi ya simulesheni ndani ya terminali

Laptopu yangu iliungua mwezi mmoja na nusu kabla ya siku ya kuwasilisha projekti. Umeme ulikatika usiku, ukarudi, ukakatika tena, na uliporudi mara ya pili ulirudi na nguvu zake zote na mie nshalala nimeiacha kwenye chaji. Asubuhi haikuwaka. Fundi wa hapa Chake Chake aliifungua akanambia bodi imekwenda, na bei ya bodi nyengine nilipoisikia nikamshukuru nikaondoka zangu.

Projekti yenyewe ni kidhibiti cha pampu ya tangi la maji. Kihisi kilioko juu ya tangi kinatuma herufi kwa waya mmoja, spidi yake biti 9600 kwa sekunde, na chini kuna bodi ya FPGA, chipu unayoipangia sakiti mwenyewe, inapokea zile herufi na kuamua pampu iwake au izime. Kwetu maji yanakuja kwa zamu, ukichelewa kuwasha umekosa, ukisahau kuzima yanamwagika na umeme unakwenda bure, kwa hiyo kitu hichi sikukichagua kwa ajili ya maksi tu, nlikuwa nakitaka kweli. Bodi niliazimwa na rafiki yangu, kloki yake, yani mapigo yanayoiendesha sakiti, ni MHz 50. Kodi naandika kwa Verilog, lugha ya kuelezea sakiti, simulesheni naendesha kwa Icarus Verilog maana ni ya bure na ni nyepesi, na mawimbi nilizowea kuyatizama kwa GTKWave, unabonyeza, unavuta, unakuza, unaona.

Kwa ambaye hajapita huku, mawimbi nnayoyasema ni michoro ya kila signali ndani ya sakiti, saa ngapi ilikuwa 0 na saa ngapi ikawa 1. Simulesheni inaendesha sakiti yako kabla haijaingia kwenye bodi, inaandika kila badiliko ndani ya faili, kisha wewe unalifungua lile faili kutafuta pahala mambo yalipoharibika. Bila ya kuyaona mawimbi unabaki kukisia tu.

Basi nilobaki nayo ilikuwa simu. Binamu yangu yupo Unguja, Fuoni, anakaa kwa baba yake ambaye ni ami yangu, na pale nyumbani kuna kompyuta ya mezani yenye Linux ambayo ami anawekea hesabu za duka. Binamu akaniombea ruhusa, akanifungulia akaunti yangu, akanitengenezea njia ya kuingia kwa ssh, yani kuitumia mashine ya mbali kwa kuandika amri. Kibodi ndogo ya kuchomeka kwenye simu akaninunulia Darajani akaipakia kwenye boti mpaka Mkoani nikaifata. Kwa hiyo mie nipo Pemba na simu na kibodi, mashine ipo Unguja, na kati yetu ni bando la intaneti.

Sasa hapa ndo nilipoanza kukosea.

Wazo langu la mwanzo lilikuwa niendeshe simulesheni kule, faili la mawimbi nilivute mpaka kwenye simu, halafu nilifungue kwa Surfer, maana Surfer inafunguka hata ndani ya brauza. Wazo si baya. Ila kwenye testibenchi, yani kodi ya kuijaribu sakiti, nilikuwa nimeandika simulesheni iende sekunde moja nzima, kwa sababu sekunde moja kichwani mwangu ni kidogo, na nikaandika `$dumpvars(0, tb)` ambayo maana yake rikodi kila kitu kuanzia juu mpaka chini kabisa. Nikaiwacha nikenda kuswali, niliporudi nikaanza kulivuta faili bila hata ya kutizama ukubwa wake. Bando la wiki likaisha faili halijafika hata nusu yake. Ndo nikaenda kuangalia, GB 2.4.

Nikakaa na karatasi kupiga hesabu na nakuomba na wewe uipige kabla hujaendesha chochote. Kloki ya MHz 50 kwa sekunde moja inapanda mara milioni 50 na kushuka mara milioni 50, jumla mabadiliko milioni 100. Faili la VCD, ndo hilo la mawimbi, ni maandishi matupu, kila badiliko linachukua mstari wa wakati na mstari wa thamani, kwangu mie ilikuwa baiti 17 hivi kila mara. Yani kloki peke yake, ambayo hakuna asiyejua inafanya nini, imekula GB 1.7. Na juu ya kodi nlikuwa nimeandika `timescale 1ns/1ps` kwa sababu kila mfano nilousoma umeandika hivyo, kumbe hiyo ps, pikosekunde, ndo inayokwenda kwenye faili, kwa hiyo kila wakati unaandikwa na sufuri tatu zaidi mwishoni. Sufuri tatu mara milioni 100, MB 300 za bando langu. Mie sina ucheleweshaji wa pikosekunde hata mmoja kwenye sakiti yangu, nikabadilisha ikawa `1ns/1ns` na hakuna kilichoharibika.

Na nilokuwa nataka kuona khasa ni nini? Testibenchi inatuma neno MAJI, herufi nne. Kila herufi ina biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, biti moja kwa spidi ya 9600 inachukua mikrosekunde 104, kwa hiyo neno zima ni milisekunde 4 na kidogo. Milisekunde 995 zilobaki kloki inapiga tu hakuna kitu.

Yalofuata yaliniuma zaidi. Nikapunguza muda, na katika kuhariri kule kwa skrini ya simu nikaufuta mstari wa `$finish` unaoisimamisha simulesheni nikasahau kuurudisha. Nikaiendesha usiku nikalala. Simulesheni haijui kuchoka, kloki ikapiga mpaka asubuhi, na GB 40 zilokuwa zimebaki kwenye diski ya ami zote zikajaa faili langu. Saa mbili asubuhi simu inaita, ami.

Shikamoo ami. Marahaba. "Mwanangu, mashine inanambia haina nafasi, hesabu za jana zimekataa kuingia. Ni wewe?" Nikamwambia ndio ami, ni mie, niwie radhi. Hakupandisha sauti, akanambia basi safisha, kisha unambie kama ushasafisha. Afadhali angenigombeza. Mtu kanikaribisha kwenye mashine anayolia riziki yake, na mie nimemziba. Nikafuta faili, nikampigia, nikakaa siku nzima sikuigusa tena.

Tokea siku ile siendeshi kitu kwenye mashine ya mtu bila ya vizuizi vitatu. Ndani ya testibenchi mstari wa mwanzo kabisa kuuandika, kabla ya kitu chengine chochote, ni `initial #5000000 $finish;` ambayo kwa nanosekunde ni milisekunde 5. Nje yake naweka `timeout 60` mbele ya `vvp`, amri ya Icarus inayoendesha simulesheni, ili ikipita dakika moja ikatwe hata kama mie nimekosea ndani. Na kabla ya yote naandika `ulimit -f 200000` ambayo kwenye bash inakataza faili lolote kupita MB 200 hivi. Ukifanya kazi kwa ssh pia fungua tmux kwanza, maana bando likikatika au mtandao ukiyumba kazi yako inaendelea kule na ukirudi unaikuta. Na ukibonyeza Ctrl-C vvp haitoki, inakufungulia mahali pa kuandika amri, andika `finish`, au tokea mwanzo iendeshe kwa `vvp -n` itoke moja kwa moja. Mie mwanzo nilikuwa nafunga dirisha tu naona yamekwisha, kumbe mchakato bado upo unaning'inia kule.

Sasa nikarudi kwenye mawimbi yenyewe. Kuvuta mafaili nimeacha, kwa hiyo nikaamua niyasome kule kule ndani ya terminali. Vipo viangalizi vinavyochora mawimbi kwa herufi, majina ya signali kushoto, na kulia mistari inapanda na kushuka kama vile ungechora kwa mkono. Kile nilichokiweka mie mwanzo kilinitolea takataka, alama za kuuliza na viboksi, nikadhani kimeharibika. Tatizo ni kuwa ile mistari ni herufi za Unicode na ssh yangu ilikuwa inaingia bila ya UTF-8, mpangilio wa kuzisoma herufi hizo. Ukiandika `export LANG=C.UTF-8` kabla ya kukifungua inakaa sawa. Jambo dogo mno lakini lilinila jioni nzima.

Kabla ya kiangalizi chochote lakini, yakhe, lifungue faili lenyewe ulione. VCD imo ndani ya kanuni za Verilog tokea IEEE 1364 ya mwaka 1995 na iliandikwa ili isomeke. Andika `head -40` utaona kichwa chake, pale zimeorodheshwa signali zote na kila moja imepewa kialama kifupi. Mfano kwangu ilikuwa hivi:

`$var wire 1 ! rx $end`
`$var reg 12 & hesabu [11:0] $end`
`$var reg 1 % tayari $end`

Yani humu ndani `rx` inaitwa `!`, `hesabu` inaitwa `&`, na `tayari` inaitwa `%`. Chini yake ukikuta `#104160` huo ni wakati, na mistari inayofata ni vilivyobadilika wakati huo. `1%` maana yake tayari imekuwa 1. `b101000101100 &` maana yake hesabu imekuwa 2604. Kwisha, hakuna uchawi mwengine.

Nawaeleza kazi ya hizo signali maana ndo hadithi yenyewe. `rx` ni waya unaoleta herufi. `hesabu` inahesabu mapigo ya kloki ili ijue biti moja imekwisha, MHz 50 ukigawa kwa 9600 unapata mapigo 5208. Biti ya kuanzia ikishuka unasubiri nusu yake, 2604, ili uwe katikati ya biti, halafu kila ukifika 5208 unasoma biti nyengine. Ukimaliza zote `tayari` inakuwa 1 kwa pigo moja tu la kloki kisha inashuka, ni kama kumwambia mwenzako chukua herufi hii hapa.

Na tayari yangu haikupanda. Hata mara moja.

Nikakikuza kiangalizi mpaka kila safu ikawa pigo moja la kloki, nikaitembeza hesabu taratibu. Inakwenda vizuri, inapita 2604, sakiti inatoka kwenye kusubiri inaingia kwenye kupokea, inaendelea, ffd, ffe, fff, 000, 001. Nikarudi nyuma nikatizama tena. Fff kwa hesabu ya kawaida ni 4095. Nilikuwa nimempa rejista ya biti 12, na biti 12 haifiki 5208 hata siku moja, ikijaa inarudi sufuri. Nusu biti ilikuwa inafanya kazi kwa sababu 2604 inaingia mle ndani, kwa hiyo kila nikitizama mwanzo wa mawimbi naona sakiti inaanza vizuri, lakini ikishaanza inazunguka mle mle milele. Nikaongeza biti moja ikawa `[12:0]`, ambayo inafika 8191.

Ukitizama juu hapo, ile 12 ilikuwa imeandikwa kwenye kichwa cha faili na nilishaisoma mara kumi. Hata ukubwa wa faili la mwanzo ulikuwa unanambia, maana kloki ilikula GB 1.7 na faili lilikuwa 2.4, hiyo ilozidi ni hesabu ilokuwa haisimami wakati ilitakiwa ikae kimya baada ya milisekunde 4. Sasa hivi faili likiwa kubwa kuliko nilivyotegemea silipuuzi.

Nikaendesha tena na furaha zangu. Nikafungua kiangalizi, nikapunguza mpaka nikaona neno MAJI lote kwa pamoja, rx inapanda na kushuka vizuri kabisa. Tayari mstari wake upo chini, umenyooka kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Siku tatu. Nilibadilisha mpangilio mzima wa hali za mpokeaji, nikaandika upya kwa njia nyengine, nikarudisha ya kwanza, nikaomba msaada kwenye kundi letu la WhatsApp watu wakanipa ushauri wa nia njema, nikaujaribu wote. Kila nikimaliza naendesha, napunguza nione neno zima, tayari imelala. Siku ya tatu usiku nilimwandikia msimamizi wangu ujumbe wa kuomba nibadilishe projekti, nikaukalia sikuutuma. Mama aliingia akaniuliza umekula, nikamwambia nishakula na sijala.

Kuna dada mmoja alosoma mbele yetu miaka miwili, sasa yupo Dar anafanya kazi za sakiti. Nikamtumia picha ya skrini. Akanijibu kwa sauti: "Hapo umenionesha picha, mie nakuuliza swali. Tayari imepanda mara ngapi? Usitizame, hesabu." Nikamwambia dada haijapanda, si unaona. Akarudia, hesabu. Nikatumia grep, amri ya kutafuta na kuhesabu mistari ndani ya faili:

`grep -Fxc '1%' mawimbi.vcd`

Ikajibu 4.

Nilikaa nikiitizama ile 4 mpaka skrini ya simu ikazima. Herufi nne, tayari nne. Mpokeaji alikuwa anafanya kazi tokea dakika nilopoongeza ile biti, na mie siku tatu nimembomoa na kumjenga mtu asiye na kosa.

Sababu yake ni hii na naomba uisome pole pole. Skrini ya simu yangu ikilala upande inabeba safu 80 hivi, 20 zinachukuliwa na majina, 60 ndo za mawimbi. Milisekunde 4.17 ukizigawa kwa safu 60, kila safu inabeba mikrosekunde 69. Tayari inakaa juu pigo moja tu, nanosekunde 20. Kitu chenye upana wa 20 ndani ya safu yenye upana wa 69000, ni zaidi ya mara 3000. Na kiangalizi kile kilikuwa kinachukua thamani moja kwa kila safu, ile inayokutikana pale safu inapoanza, kwa hiyo yote yalotokea baina ya safu na safu kwake hayapo. Hakikudanganya, kilijibu nilichokiuliza, mie ndo sikujua nauliza nini. GTKWave kwenye skrini kubwa ingenichorea kijistari pale pahala nikajua kuna kitu, na kwa miaka nilozowea hivyo sikuwahi kufikiri kuwa kupunguza picha kunaweza kuficha.

Kwa hiyo kama unatumia kiangalizi cha terminali, siku ya kwanza kabisa kijaribu. Tengeneza signali ndogo inayopanda kwa pigo moja katikati ya muda mrefu, punguza mpaka mwisho, uone kama kinakuonesha au kinaficha. Dakika tano tu. Kama kinaficha bado kinafaa, mie natumia kile kile mpaka leo, lakini najua kuwa mstari ulonyooka kwenye picha ya mbali sio ushahidi wa kitu.

Baada ya hapo nikageuza namna ninavyofanya kazi. Sianzi tena na picha. Naanza na karatasi, naandika ninachotegemea: tayari ipande mara 4, ya kwanza ipande baada ya biti tisa na nusu tokea rx kushuka, yani karibu milisekunde 0.99. Halafu naliuliza faili. Idadi kwa `grep`, na nyakati zake kwa vcdcat, ambayo inakuja ukiweka kifurushi cha Python kinachoitwa vcdvcd. Ukiandika `vcdcat -l` inakupa majina yote, halafu unaitajia zile signali unazozitaka kwa majina yao inakuonesha thamani zao kwa kila wakati kama jaduali. Kiangalizi cha kuchora nakifungua mwisho kabisa, na nakipeleka moja kwa moja kwenye ule wakati nilioupata, nimekuza mpaka safu moja ni pigo moja.

Kuhusu grep kuna mambo mawili yalinipata. Vialama vile ni herufi yoyote ya kuchapika, vinaweza kuwa `*` au `.` au `$`, na hizo grep inazifahamu vyengine, ndo maana ya kuweka `-F`. Na `-x` inataka mstari mzima ulingane, ukiiwacha utahesabu na visivyokuwa vyako. La pili, ukiongeza signali mpya kwenye kodi vialama vinaweza kuhama, jana `%` ilikuwa tayari leo ni kitu chengine. Mie kuna siku nilihesabu kialama cha zamani nikapata 208 elfu na ushei nikashtuka, kumbe nahesabu kloki. Tizama kichwa kila mara, au tumia vcdcat inayokwenda kwa majina.

Njia hii ilinilipa siku ile ile. Tayari nne ziko sawa, nikaangalia herufi zenyewe kwa vcdcat, nikakuta b2, 82, 52, 92. Nilitegemea 4d, 41, 4a, 49 ambazo ndo M, A, J, I. Nikaziandika kwa biti moja chini ya nyengine, 10110010 na 01001101, zimegeuzwa kinyumenyume. UART, hii njia ya kutuma herufi kwa waya mmoja, inatuma biti ndogo kwanza na mie nilikuwa nazisukuma upande wa pili. Kosa hilo lilichukua nusu saa kulipata na kulimaliza, kwa simu, kwenye kigiza maana umeme ulikuwa umekatika, na bando nilotumia halifiki hata MB moja.

Kuhusu x, yani thamani isiyojulikana kama ni 0 au 1, nataka nikuonye. Kwenye GTKWave x inakuja na rangi nyekundu inakupigia kelele, kwenye terminali isiyokuwa na rangi inapita kama herufi nyengine yoyote. Mwanzo wa simulesheni kila rejista ni x, hiyo kawaida. Lakini x ikibaki baada ya riseti, yani baada ya sakiti kurudishwa mwanzo, kuna kitu umekisahau, na x ukiijumlisha na 1 inabaki x, kwa hiyo kihesabu kimoja kisichorisetiwa kinaambukiza mpaka mwisho. Mie siku hizi kabla ya kutizama chochote natafuta `bx` na `x` zilizotokea baada ya riseti.

Na rikodi kidogo. Nilipoziorodhesha signali tatu tu, rx na tayari na herufi, faili la neno zima la MAJI likawa KB 2 hivi. Kloki siirikodi kabisa ila nikiihitaji. Ukitaka yote na diski ni ndogo, vcd2fst inayokuja pamoja na GTKWave inaligeuza faili kuwa FST ambayo inabana sana, ila ukishaigeuza si maandishi tena, grep haifai, itabidi uirudishe kwa fst2vcd. Na usishangae kumbukumbu za safu, zile `reg` zenye vyumba vingi, hazionekani kwenye faili la Icarus, lazima umtajie chumba kimoja kimoja unachokitaka.

Kwenye bodi ya kweli kazi haikwenda mara moja. Simulesheni yote safi, lakini kwenye bodi kila baada ya muda inakuja herufi mbovu moja. Hilo mawimbi yangu hayakuonesha na yasingeonesha, kwa sababu kwenye testibenchi rx ilikuwa inabadilika sambamba na kloki, na kihisi cha kweli hakina khabari na kloki yako. Unapitisha rx kwenye flipuflopu mbili mfululizo, vihifadhi vya biti moja moja vinavyokwenda na kloki, kabla ya kuitumia. Msimamizi ndo alonambia, kwa sentensi moja tu, na kweli ikatulia. Nikarudi kwenye testibenchi nikaifanya rx ianze kwa nyakati zisizolingana na kloki, ilitakiwa iwe hivyo tokea mwanzo.

Siku ya kuwasilisha nilipeleka karatasi ya grep na vcdcat pamoja na picha moja ya mawimbi ilokuzwa pale tayari inapopanda. Waliniuliza kwa nini sina picha ya neno zima nikawaeleza hesabu ya safu 60. Pampu ya nyumbani inawaka na kuzima yenyewe tokea wiki mbili kabla ya Ramadhani. Kwa ami nilikwenda mwenyewe, nikavuka na boti asubuhi, nikamuongezea diski ya pili kwenye ile mashine kwa pesa nilopata kumtengenezea jirani kidhibiti kama hichi, na akaunti yangu hajaifunga. Sasa naandika upande wa kutuma, bodi imjibu kihisi kuwa herufi imefika, na jana usiku nimeandika kwenye karatasi: kwa neno MAJI, `tx` inatakiwa ishuke kuanza mara 4. Bado sijaendesha.